Mtoto Alitembea Nikiwa Posta

Nilikuwa nachagua nyanya. Mama wa genge letu ana tabia ya kupanga mbivu juu na zilizobonyea chini, kwa hiyo pale kwake fungu hulichukui hivi hivi, unaligeuza kwanza. Mwanangu nilikuwa nimemsimamisha pembeni, kashika upindo wa kanga yangu. Akaachia. Akapiga hatua tatu nne kuifuata ndoo ya dagaa, na mimi nikajikuta nasema kwa majivuno:

"Umemwona? Kaanza juzi Jumamosi."

Mama wa genge hakuinua hata uso kwenye vitunguu alivyokuwa anamenya.

"Juzi? Huyu si wiki ile alikuja hapa kwa miguu yake na dada yake? Tulimpigia vigelegele mpaka bodaboda wakageuka."

Nikalipa. Nikaondoka bila chenji, ikabidi mtoto wa yule mama anikimbilie nayo mpaka kwenye kona.

## Jumamosi yenyewe

Nilikuwa sebuleni nakunja nguo. Mtoto kasimama dede ameegemea kochi, dada wa nyumbani anaingia na beseni la vyombo. Mtoto akaachia kochi, akanyanyua mikono juu, akaja. Hatua moja, ya pili, ya tatu akaangukia kwenye nguo nilizokwisha kukunja. Dada akatua beseni chini, akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka: "Heee! Mama! Katembea!"

Nilipiga kelele. Nikalia. Nikatafuta simu huku nalia, tukamrudisha kwenye kochi ili arudie mbele ya kamera. Akakataa. Akakaa chini, akaanza kula soksi. Baadaye kidogo akakubali, na video ikaenda kwa baba yake Dodoma, kwa bibi yake Tanga, na kwenye kundi la ukoo ambako hata watu nisiowajua sura waliweka alama za makofi.

Baba yake akapiga. Kimya kirefu. Halafu: "Anatembea na soksi? Atateleza kwenye vigae."

Ndivyo alivyo. Akiguswa sana huuliza swali la fundi. Siku mtoto aliyozaliwa aliuliza kama madirisha ya wodi yana nyavu.

Mimi nililia kwa sababu moja, na niliijua siku ile ile. Nililia kwa sababu mwanangu alikuwa amenisubiri tena.

## Mtoto wa wikendi

Hapo kwenye "tena" ndipo pananiuma.

Kwa muda mrefu ofisini nilikuwa na sentensi yangu moja ya kujifariji. Wenzangu wakisimulia walivyokosa hiki na kile cha watoto wao, mimi nilikuwa nasema, "Wangu ana bahati na mimi, ananisubiri." Na kweli ilionekana hivyo. Aligeuka kifudifudi Jumapili, natoka kanisani. Alikaa bila mto Jumamosi. Jino la kwanza tuliliona Jumapili asubuhi lilipogonga kijiko cha uji. Kusimama dede, sikukuu ya Sabasaba.

Siku ile, kutoka genge mpaka getini, nilizirudia tarehe hizo moja moja.

Mtoto gani huyu anayekua wikendi na sikukuu za serikali?

Kumbe nilikuwa nafika kwa mwanangu kama mgeni wa harusi anayekuta sufuria zinaoshwa, na wenyeji kwa ustaarabu wao wanamwambia chakula ndiyo kwanza kinaiva.

Sikuwa na hasira na dada, na ningependa hilo lieleweke mapema, maana najua kuna wasomaji wangu ambao hapa tayari wameshamfukuza kazi. Kilichonikaa rohoni kwa wiki kadhaa ni ule uso wake. Ile "Heee!" yenye kiganja mdomoni. Alikuwa ameigiza vizuri mno. Mtu anayeigiza vizuri hivyo ameshafanya mazoezi.

## Siku 84

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata siku tatu. Sikuwahi kuzinung'unikia namba hizo, kwa sababu walio wengi hawana hata hizo. Mama wa genge alirudi mezani kwake na kichanga mgongoni, hakuna aliyemsainia fomu.

Ila usiku mmoja nilikaa na kalamu.

Siku 84 hazifiki miezi mitatu. Mtoto wa umri huo amekaza shingo, anacheka na watu, anaitazama feni mpaka unamwonea wivu kwa utulivu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vya umri ambao watoto wenye afya huanza kufanya mambo sita: kukaa bila kuegemezwa, kusimama kwa kushikilia, kutambaa kwa mikono na magoti, kutembea kwa kushikilia, kusimama wenyewe na kutembea wenyewe. La kwanza kabisa, kukaa, kwa wale wanaowahi kuliko wote linaanzia miezi 3.8.

Kwa hiyo hakuna hata moja linaloangukia ndani ya likizo. Yote sita yanakukuta umeshapewa majukumu na umeshaulizwa ripoti ya robo mwaka iko wapi.

Sheria hiyo hiyo inakuruhusu pia hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Inaonekana aliyeiandika alifikiria mtu anayekaa karibu na ofisi. Mimi nakaa Kimara, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ofisi iko Posta, katikati ya jiji. Kazini kwangu walinikubalia nizitumie mwishoni mwa siku, niwahi kutoka, na nikawa naziacha kwenye kituo cha mabasi ya mwendokasi nikigombea mlango.

Basi kama yote sita yatatokea nikiwa kazini, na mimi nimeyashuhudia karibu yote, hesabu haikubali. Ilikuwa haikubali tangu mwanzo. Sikuipiga tu.

## "Wa kwako ameshatambaa?"

Lakini tusijifanye kwamba furaha ndiyo kitu pekee tunachokisubiri. Kabla ya furaha kuna hofu, na hofu kituo chake ni benchi la kliniki.

Mmeshakaa pale. Unaingia na mtoto wako umemvika vizuri, unajua ni mtoto mzuri, hana tatizo. Nesi hajafika. Mama wa kulia anakutazama, anamtazama mtoto, anatabasamu.

"Ana miezi mingapi?"

"Tisa. Tumefuata ya surua."

"Aaa, sawa na wangu. Ameshatambaa?"

Mwanangu hakuwahi kutambaa. Alikuwa anasota. Anakaa kwa makalio, mguu mmoja mbele, anajisukuma kwa mkono wa kushoto, anavuka sebule yote kwa mwendo wa kukera. Kaptula zilikuwa zinachanika upande mmoja. Nyumbani tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Kwenye benchi lile nilijibu, "Anajitahidi," na nikamshika vizuri asije akaomba kushuka akaonyesha.

Mama yule akamshusha wa kwake. Akatambaa mpaka kwenye mizani na kurudi, mama mtu anasema "jamani huyu mtoto msumbufu" kwa sauti ambayo haikuwa na malalamiko hata kidogo.

Usiku nikaingia intaneti, na atakayeingia intaneti usiku wa namna ile anajua kinachomkuta. Nilisoma magonjwa ambayo hata kuyatamka siwezi. Nilimwamsha mtoto aliyelala nikampima nguvu za miguu. Akanitazama akalia, nami nikafurahi kwamba analia kwa nguvu.

Kilichonituliza baadaye ni ule ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani. Walifuatilia watoto 816 katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Asilimia 4.3 ya watoto hao hawakutambaa kwa mikono na magoti, wakaendelea na mengine. Kutembea wenyewe kulianzia miezi 8.2 kwa wa mapema kabisa hadi 17.6 kwa wa mwisho, wastani mwaka mmoja na siku chache. Kati ya hao wawili kuna zaidi ya miezi tisa, ujauzito mzima! Na mwaka 2022 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliporekebisha orodha yake ya mambo ya kuangalia kwa watoto, kutambaa kukaondolewa kabisa.

Ningependa kusema namba zile zilinikausha hofu. Zilinikausha kichwani. Tumboni iliendelea mpaka aliposimama. Na niseme pia, kabla mtu hajanielewa vibaya: mtoto akifikisha miezi 18 hatembei, au akipoteza kitu alichokuwa anakiweza, mpeleke akaonekane, usikae na makala yangu.

Kilichonishangaza ni kitu kingine. Nilipogundua yule mama wa benchi ni jirani wa mwenzangu wa ofisini, niliuliza mtoto wake anaendeleaje. Nikaambiwa ameanza kutembea. Wangu alikuwa bado. Nikasema "jamani, vizuri," na nikaumwa siku nzima, mimi mtu mzima mwenye digrii, na mtoto ambaye hata jina lake silijui.

## Bibi na karai la mchanga

Mama mkwe wangu haamini katika kusubiri. Kwake yeye mtoto hukaa kwa sababu amekalishwa.

Alipokuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, anayemwita "mume wangu", alikuta tumempanga katikati ya mito. Akauliza mchanga uko wapi. Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, uwanja wote saruji, na yeye anataka mchanga. Dada akaenda kuomba kwa mafundi wanaojenga nyumba ya pili. Bibi akaujaza kwenye karai, akauchimba shimo, akatandika kanga kuukuu, akamtumbukiza mumewe mpaka kiunoni. Mtoto akakaa wima, mikono huru, anashangaa dunia. Kila asubuhi kidogo, kila jioni kidogo.

Nilidhani ni mambo yake. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Charles Super, aliwakuta Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet nchini Kenya wakifanya karibu vile vile: shimo dogo ardhini, blanketi la kumshikilia mgongo, na baadaye mtoto kushikwa mikono afundishwe kutembea. Aliandika mwaka 1976 kwamba watoto wale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini katika kutambaa, ambako hawakuwa wakifundishwa, hawakuwa mbele. Kabla ya hapo wapo wasomi waliokuwa wakisema watoto wa Kiafrika wanawahi kwa sababu ya damu yao. Yeye alionyesha kwamba wanawahi kile wanachofundishwa.

Yaani nyuma ya mtoto anayetembea kuna mikono ya mtu.

Bibi ana hofu zake pia, za aina nyingine. Meno ya mtoto aliyachunguza kila siku kwa kidole, na ya chini yalipotangulia alisema "Alhamdulillah" kwa namna iliyonifanya niulize. Huko pwani zamani mtoto aliyeanza na meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi kwa nyumba nzima. Sasa hivi hakuna anayelisema waziwazi, lakini kidole bado kinapita kwenye fizi. Na video ile ya Jumamosi alipoipata, badala ya kushangilia alipiga simu na maneno mawili: "Iondoe huko." Kwa bibi, mtoto akitembea unashukuru kimya kimya ndani ya nyumba. Husuda haihitaji kadi ya mwaliko, na mimi nilikuwa nimeituma kwa kundi zima la ukoo.

Sikuiondoa. Lakini niliacha kuisambaza, kwa hiyo siwezi kusema simwamini.

Wakati wa kuondoka, bibi alimwachia dada kazi. Alimfundisha kumpitisha mtoto kanga kifuani chini ya makwapa, kushika ncha mbili kwa nyuma, na kumtembeza uani jua likishapoa. Nilimwona akimwelekeza. Nilikuwa nahesabu nauli ya bibi, sikutilia maanani.

## "Sisi tunaambizana"

Nilimuuliza dada jioni moja, tunachambua mchicha wote wawili, kwa sababu mikono ikiwa na kazi maneno magumu hutoka vizuri zaidi.

"Mtoto alianza kutembea lini?"

Akaendelea na mchicha. Alichambua jani moja kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Mama umekasirika?"

"Sijakasirika. Nataka kujua tu."

"Mama wa genge amesema, eeh?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sisi tunaambizana, mama."

"Nyie nani?"

"Wadada. Ukipata kazi kwenye nyumba yenye kichanga, wenzio wanakuambia: mtoto akifanya kitu kipya, nyamaza. Mwache mama yake aone mwenyewe. Akiona, na wewe shangaa."

Wanaambizana bombani, kwenye kamba za kuanikia, kwenye foleni ya kusaga, na siku hizi kwenye simu. Ni kanuni ya kazi, ipo pamoja na kutopokea wageni mchana na kutotumia kikombe cha baba. Nilikuwa nadhani yule binti alinihurumia mimi. Kumbe alikuwa anafuata utaratibu.

Nikamuuliza kama imewahi kumtokea akasema. Akasema ndiyo, kwenye nyumba ya mwanzo kabisa, alipokuwa hajui.

"Mtoto alisema 'mama'. Nikafurahi, nikampigia mama yake kazini. Nikamwambia, mama, mtoto leo kasema 'mama' vizuri kabisa. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, alikuwa anamwita nani?"

Mchicha wote ulikuwa umekwisha. Tukabaki tunashika vijiti.

"Ukamjibuje?"

"Nilinyamaza na mimi. Mwisho wa mwezi akaniambia nikapumzike nyumbani."

Nilitaka kumlaani yule mwanamke. Nilianza hata kufungua mdomo. Ila nilijiona nimesimama ofisini kwangu, simu sikioni, watu wanapita na mafaili, na swali lile lile linapanda kooni. Mtoto huanza na "ma" na "ba" kwa sababu midomo ndiyo inayomtii mapema. Neno la kwanza linamwangukia aliye karibu. Naelewa hivyo nikiwa nimekaa na kalamu. Sijui ningeelewa saa tano asubuhi, Posta, siku ya kufunga mahesabu.

Na lipo swali nililolimeza jioni ile. Mwanangu anasema "mama" tangu kabla hajatembea. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri. Mchana huwa anamwita nani?

Sijauliza mpaka leo.

## Hatua tano

Kwa siku kadhaa nilitafuta mlango wa kutokea, na nikaupata pasipotarajiwa. Watu wa Shirika la Afya Duniani walipokuwa wanapima, hawakuhesabu kwamba mtoto ametembea mpaka apige hatua zisizopungua tano, mgongo wima, bila kushika mtu wala kitu. Tano! Nikazikumbuka zile za kwanza za sebuleni, kabla ya simu: tatu. Nikarudia video, zile alizopiga baadaye mbele ya kamera, nikihesabu kwa kidole: sita. Basi kwa kanuni za kimataifa, labda Jumamosi yangu ndiyo halali, na ya genge ilikuwa mazoezi.

Nilifurahi karibu saa nzima. Kisha nikakumbuka umbali kutoka getini kwetu mpaka genge. Si hatua tano.

Kilichonisaidia kweli kilitoka kwa Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York, watu ambao kazi yao ni kutazama watoto wakianguka. Mwaka 2012 waliandika kuhusu watoto wa miezi 12 hadi 19 waliorekodiwa wakicheza kwa hiari yao: kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Miaka minne kabla ya hapo walikuwa wamechapisha utafiti mwingine, wazazi wakiandika kila siku mtoto amefanya nini. Ukitazama kila siku, uwezo mpya hauji ukakaa. Unakuja leo, kesho haupo, unarudi baada ya siku mbili, unapotea tena, mpaka siku moja unaacha kupotea.

Sasa hapo hatua ya kwanza ni ipi? Ile ya uani aliyoiona dada? Au kuna nyingine kabla yake, wakati dada ameingia ndani kuzima jiko, mtoto akaachia jaba la maji, akaenda, akaanguka, akarudi kwa kusota bila kumwambia mtu?

Nina hakika ipo. Mtoto mwenyewe hakuiweka kumbukumbu. Anayehitaji tarehe ni mimi.

Hili halikunifurahisha kama mnavyodhani. Lilinipunguzia kitu fulani cha kushindania, basi, na upande wa pili likaniacha na kitu kizito zaidi, kwamba ninachokikosa si siku moja. Ni zile hatua elfu mbili na kitu za kila saa, na yule anayeziona zote, na kuanguka kote kati yake, analipwa mwisho wa mwezi na anajifundisha kushangaa.

Niliwauliza wenzangu watatu wa ofisini, kina mama wote, kama wangependa kuambiwa. Mmoja alisema dada yake hawezi kumficha, ni binti mkweli. Nikanyamaza. Wa pili alisema, "Mimi usiniambie kitu, niache na Jumamosi zangu." Wa tatu, ambaye watoto wake wako sekondari, aliinua macho kwenye kompyuta: "Wangu alitembea kwa bibi yake Moshi. Nililetewa mtoto anayekimbia. Mbona nampenda?"

## Spika

Nikamwambia dada kanuni ya nyumba hii ni nyingine: akiona kitu, aniambie saa hiyo hiyo. Akaitikia "sawa mama" kwa sauti ya mtu aliyewahi kuambiwa mambo mengi na waajiri. Wiki nzima hakutuma kitu. Kisha siku moja, niko kwenye kikao, simu ikatetemeka: "Mama leo kapanda kizingiti mwenyewe alafu akashuka kinyumenyume." Niliusoma chini ya meza. Uliniuma, nakiri, pale pale kabla ya kunifurahisha. Nikajibu: "Nani kamfundisha kinyumenyume?" Akajibu: "Mimi 😄"

Sasa ujumbe unakuja. Mingine napokea vizuri, mingine nawekea dole gumba na kunywa maji.

Akabaki baba yake. Ile video kule Dodoma imekuwa mali ya ofisi. Ameionyesha mpaka kwa mlinzi, na ameihifadhi kwa jina la "Hatua ya kwanza". Niliona naweza kumwacha nayo. Anafurahi, yuko mbali, ana kosa gani? Halafu nikajisikia nina kiganja mdomoni na macho yamenitoka, na nikampigia.

Nilimsimulia yote. Kimya kirefu. Nikasubiri swali la fundi.

"Dada yupo hapo? Weka spika."

Dada akafuta mikono kwenye gauni, akasogea akiwa amesimama wima, anaongea na simu kwa heshima kana kwamba inamwona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu nisimulie. Ilikuwaje?"

Akaanza kwa sauti ndogo, kuwa ilikuwa mchana, ameanika, mtoto yuko kwenye kivuli na kanga yake. Jogoo wa jirani akapita chini ya geti. Kufika hapo sauti ikapanda. Mtoto alimwona jogoo, baba, akasimama mwenyewe katikati ya uwanja, hakushika kitu, akamfuata. Jogoo anakwenda na yeye anakwenda. Jogoo akisimama na yeye anasimama. Akafika kwenye jaba, akaliacha, akapita! Dada alikuwa ameshika shuka lenye maji, akashindwa kulitupa akashindwa kulianika, limemlowesha mwili mzima. Sasa anaigiza jogoo, anaigiza mtoto, na mtoto mwenyewe yuko mlangoni anamcheka. Mimi hata sikuwa nimewahi kuisikia habari hii. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimeuliza lini, sikuwahi kuuliza ilikuwaje.

"Alianguka?"

"Alianguka baba, kwa makalio, puu! Nikasema sasa atalia. Akamtazama jogoo, akanyanyuka."

Upande wa pili baba mtu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Halafu akakaza sauti, akasema kuanzia leo jambo lolote la mtoto lianzie kwake, yeye ndiye aliye mbali zaidi, tena dada amtumie yeye kwanza ndipo mama apelekewe.

Nikamwambia apange foleni, mbele yake nipo mimi, na mbele yangu kuna mama wa genge.